Nimeletewa karatasi nitie saini ili mwanangu akakae kwa familia nyingine: nina haki gani?

Mama Baraka, Leicester

Salaam ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 9 alimwambia mwalimu kwamba baba yake humchapa, na tangu hapo maafisa wa ustawi wa jamii wanakuja nyumbani. Sasa wameniletea karatasi, wakitaka nitie saini ili mtoto akakae kwa familia ya malezi wakati uchunguzi ukiendelea, na anayenitafsiria maneno yao ni binti yangu wa miaka 13. Imekuja pia barua ya kutuita kwenye kikao, ikitushauri twende na wakili, nasi fedha za wakili hatuna. Nikikataa kusaini, watamchukua? Nikisaini, nitamrudishaje?

Baba Furaha

Pole sana, dada. Mimi nisingewafungulia mlango tena. Wapo waliowapeleka watoto kwa bibi zao Afrika mapema, mambo yakatulia.

Bi Rehema

Baba Furaha, uchungu wako naufahamu, lakini ushauri huo utamponza. Mzazi anayefunga mlango huwapa maafisa sababu ya kukimbilia mahakamani, na kumsafirisha mtoto katikati ya uchunguzi kutaonekana kuwa ni kumtorosha.

Mama Baraka, mimi ni mkalimani katika mashauri ya familia, na karatasi za namna hiyo nimewasomea wazazi wengi. Inaelekea imetokana na kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1989, ambacho msingi wake ni ridhaa: mtoto huenda kulelewa na halmashauri ya mji, ambayo ndiyo iliyowatuma maafisa hao, kwa sababu mzazi amekubali, na mzazi mwenye mamlaka juu ya mtoto anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote na kumchukua mwanawe. Kutosaini si kosa. Halmashauri ikiona kwamba mtoto yumo hatarini na wewe hukukubali, itabidi iombe amri ya mahakama. Amri ya dharura haizidi siku 8, na huweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 7. Polisi nao wanaweza kumweka mtoto mahali salama bila amri, ila kwa saa zisizozidi 72. Kwa hiyo wanaweza kumchukua hata ukikataa, lakini watalazimika kueleza sababu zao mbele ya hakimu, nawe utakuwa na haki ya kuzipinga. Usitie saini kabla wakili hajakusomea kila mstari.

Na wakili huyo hutamlipa. Ikiwa barua hiyo inasema kwamba halmashauri inafikiria kwenda mahakamani, ipeleke leo kwa wakili wa mashauri ya watoto anayepokea kesi za msaada wa kisheria. Kipato chenu hakitaangaliwa, si kwa kikao hicho wala shauri likifunguliwa. Mashauri haya kisheria hupangiwa kumalizika ndani ya wiki 26, na mtu asiye na wakili hupoteza wiki za mwanzo akijaribu tu kuelewa anachoshtakiwa.

Kuhusu binti yako, nakuomba sana umwondoe katika kazi hiyo. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kutafsiri tuhuma dhidi ya baba yake mzazi. Waandikie kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na kama Kiswahili chako ni cha Kongo, litaje hilo.

Shangazi Zaituni

Naongeza mambo mawili. Kwanza, kabla mtoto hajapelekwa kwa watu asiowajua, taja ndugu mnaowaamini, awe shangazi, mjomba au bibi, na uombe kwa maandishi kikao cha familia ili ukoo wenyewe upendekeze mpango wa kumlinda. Shirika la Family Rights Group huwashauri wazazi wa Uingereza bure, kwa simu, kuhusu hatua hizi.

Pili, mume wako atafute wakili wake mwenyewe, kwa sababu maslahi yenu yanaweza kutofautiana. Scotland ilipiga marufuku kuchapa watoto mwaka 2020 na Wales mwaka 2022. Huko Leicester, yaani England, sheria bado inamruhusu mzazi kujitetea kwamba adhabu ilikuwa ya kiasi, lakini utetezi huo haumfai aliyemjeruhi mtoto. Asitoe maelezo polisi bila wakili kuwepo.

Mama Baraka, Leicester

Asanteni sana. Kikao ni Alhamisi. Je, nikiomba kiahirishwe hadi nipate wakili, watasema sitoi ushirikiano?

Bi Rehema

Omba kwa barua pepe leo, utaje jina la wakili uliyempigia na siku atakayoweza kufika. Ombi lenye tarehe haliwezi kuitwa ukaidi.