30, 60 ama 120: fremu ngapi zinatosha?

Wa Kondele: Wasee, kuna mtu amesema eti gemu ikienda chini ya fremu 120 kwa sekunde, yaani picha 120 zinazofuatana kwa skrini, haichezeki, na sisi wa vibanda vya PlayStation (PS) huku Kisumu tunakula pesa za watu bure. Napinga kabisa. Piga hesabu. Kwa 30 kila picha inakaa kwa skrini milisekunde 33 hivi, kwa 60 inakaa 17, kwa 120 inakaa 8. Yaani ukitoka 30 uende 60 umeokoa 16, lakini kutoka 60 hadi 120 unaokoa nusu ya hiyo tu, na TV ikiwa ni ya 60Hz, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hata PS itoe 120 utaona zile 60 tu.

Kwa gemu ya mpira 60 ni lazima, hapo sibishani. Straika amegeuka ndani ya boksi, beki anateleza, umebonyeza duara, mguu ukichelewa kidogo mpira umeenda na mechi umeilipia. Lakini Red Dead Redemption 2 kwa PS4 ni 30 na watu wanapanda farasi mpaka usiku wa manane bila kulalamika. Kinachoniudhi mimi ni fremu kuyumba. Gemu ikienda 45 kwa TV ya 60Hz, picha zingine zinaonyeshwa mara moja zingine mara mbili, ndio unaona inakwamakwama hata kama namba ni kubwa. Afadhali uifunge 30 itulie.

Wa Nakuru: Buda, kwa 30 nakataa. Ukishazoea 60, ukirudi chini ukizungusha kamera kila kitu kinakuwa ukungu. Na kwa gemu za risasi kama Counter-Strike hata 60 ni kidogo, adui akichomoza kwa kona mwenye skrini ya 144Hz anaweza kumwona mapema, hiyo si maringo.

Wa Kondele: Kwa risasi nakupa, omera. Lakini mwanafunzi wa Maseno mwenye laptop isiyo na kadi ya grafiki asiambiwe hajui gemu. Ashushe vivuli kwa settings za gemu kwanza, bado ikisumbua apunguze ukali wa picha atoke 1080p aende 720p, itachezeka vizuri tu. Sasa nijibu hii: ukiwa na pesa ya kitu kimoja, na stima zetu unazijua, utanunua TV ya 120Hz ama UPS, ile betri ya kukushikilia stima zikipotea?