Tupeane uzoefu: ushirika ulikuinua au ulikuliza?

Karani wa Mizani: Wakuu, kila bajeti ikisomwa tunaambiwa ushirika ni nguzo ya uchumi wa taifa. Nguzo hiyo imebeba nini, hatuambiwi. Uliyewahi kuwa mwanachama, mjumbe wa bodi, hata mdaiwa sugu, mwaga hapa.

Naanza. Nilikuwa karani kwenye chama cha wakulima wa pamba. Zamani mlanguzi alikuja na mizani yake, bei yake na haraka yake. Ya kwetu tuliijaribu kila asubuhi kwa jiwe la kilo 20 mbele ya watu. Mzee mmoja alikuwa analiweka mwenyewe, haamini mtu. Bei ya siku haikutofautiana sana na ya mlanguzi. Utamu ulikuwa malipo ya pili: pamba ikishauzwa na gharama zikatolewa, ziada inarudi kwa kila mtu kwa kadiri ya kilo alizoleta. Kwa mlanguzi, ziada hiyo ingeondoka naye. Kwetu ilibaki, ikalipa ada, ikanunua mbegu. Mchango kwa taifa ninaouelewa mimi ni huo.

Mdhamini Mstaafu: Benki zilinikataa, sina hati ya kiwanja. Chama cha akiba na mikopo kikanipa mara tatu ya akiba yangu kwa wadhamini watatu. Raiffeisen, mwanzilishi wa vyama vya mikopo vya vijijini kule Ujerumani, aliliona hili tangu karne ya 19: kwa mtu asiye na mali, dhamana ni jirani anayemjua. Cherehani ya kwanza nikainunua hivyo, leo nimeajiri wawili. Ila nami nikamdhamini mtu, akahama usiku. Nimelipa deni lake miezi tisa. Simu yake haipatikani mpaka kesho.

Fundi Mitambo: Mbona mnausahau ushirika wa wafanyakazi? Karakana yetu ni mali yetu. Oda zilipokauka tulipiga kura tukajikata mishahara, hakufukuzwa mtu. Tulibishana hadi usiku, na mimi nilipiga kura ya hapana, niseme ukweli. Chukua Mondragon, kundi la vyama vya ushirika vya wafanyakazi huko Hispania, lililopo tangu 1956: kampuni yao ya vyombo vya umeme, Fagor, ilifilisika 2013, na wengi wa wafanyakazi wanachama wake wakapokelewa na vyama vingine vya kundi hilohilo. Ushirika unaanguka kama biashara yoyote. Tofauti ni nani anakudaka.

Mjumbe 07: Nyie mna bahati. Chetu kilikufa. Mkutano mkuu akidi ilitimia kwa sababu ya posho. Meneja anasoma hesabu mbio mbio, "kuna swali?", makofi, tumepitisha. Mwaka wa tatu akaja mkaguzi. Vitabuni ghala limejaa. Kufungua mlango, popo. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka la ushirika mwaka 1844, walianza na kanuni ya mtu mmoja kura moja. Sisi kura tulikuwa nazo, tukazitumia kupiga makofi. Na wanunuzi binafsi walirudi msimu uleule, bei wakaishusha, maana hapakuwa na wa kushindana nao.

Karani wa Mizani: Pole, mkuu. Lakini mjumbe wa bodi si husaini hesabu? Ulisaini bila kusoma?

Mjumbe 07: Nilisoma ukurasa mmoja. Wa posho.