Tuko sita, laki mbili na nusu kila kichwa: tukitokea Mtwara tunafika kisiwa gani?

Mwana wa Chikongola (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mnaostahili.

Tuko washkaji sita, wanne wa kiume na wawili wa kike, tumesoma wote sekondari hapa Mtwara. Mmoja ana bodaboda, mmoja saluni, mimi nauza kava na chaja za simu. Toka kidato cha nne tunasema "tutakwenda visiwani" na hatuendi. Safari hii tumepanga mwezi wa 11, kwa sababu wawili kati yetu wanasaidia mashamba ya kwao na hela ya korosho itakuwa imeingia. Siku tano, begi mgongoni, hema mbili tumeazima. Bajeti ni laki mbili na nusu kila mmoja, haiongezeki.

Ugomvi ni wapi. Watatu wanataka Unguja. Mmoja anataka Mafia akaogelee na papa potwe, yule papa mkubwa asiyeuma watu. Mwingine anasema tuvuke Ruvuma mpaka kisiwa cha Ibo, eti kwa ramani ni karibu kuliko Dar. Mimi nipo nipo tu.

Halafu kuna jambo dogo linaloniumiza kuliko ramani. Mmoja wetu, tena ni mtu wangu wa karibu sana, kila tukitoka anasema "mimi nitalipa huko huko". Mwaka jana tulilala Msimbati, nikamlipia kila kitu kuanzia nauli mpaka soda. Hajarudisha hadi leo na sijamdai. Nifanyeje bila kuvunja urafiki?

Korosho Ghafi

Kwa hiyo jamaa hayumo humu? Maana mimi ningekuwa ni yeye ningeshajijua toka neno "soda".

Dada wa Mikindani

Mdogo wangu, futa Unguja kwa hela hiyo. Si kwamba Unguja ni ghali kwa mswahili mwenzao, hapana, njia ndiyo inakula. Mtwara hadi Dar ni siku nzima kwenye basi. Unalala Dar. Kesho yake boti. Kurudi hivyo hivyo. Katika siku zako tano, nne ziko barabarani na baharini, moja ndiyo ya kukaa mchangani. Tulikwenda wanne kutoka kazini, na kabla sijavua viatu Unguja nusu ya pesa yangu ilikuwa imekwisha.

Mafia ni nzuri, nisiseme uongo. Msimu wa papa potwe unaanza kama mwezi wa 10 hivi mpaka wa 3, kwa hiyo huyo mwenzenu hajakosea mwezi. Lakini njia yake: mnapanda basi la Dar, mnapita Somanga, daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, mnashuka Bungu, halafu mnakata kulia kwenda Nyamisati kupanda chombo cha Kilindoni, bandari ya Mafia. Mkichelewa chombo mnalala Nyamisati na mbu wa mikokoni. Sisi tulilala. Na papa potwe haji ufukweni kukusalimia, ni kukodi boti. Watu sita mkichangia si mbaya, ila hiyo hela iko nje ya nauli na chakula. Ingekuwa siku nane ningesema nendeni.

Kwa siku tano tukitokea huku kwetu, kisiwa ni Kilwa. Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, ni karibu nusu ya njia ya Dar tu.

Nahodha Mstaafu

Wa Ibo mwambieni atulie. Karibu kwa ramani, ndiyo, lakini Ibo iko Cabo Delgado, na kule watu wanachinjana toka 2017. Wamakonde wenzetu wamevuka mto kukimbilia huku, nyinyi mnataka kuvuka kwenda kupiga picha? Hilo tusilijadili tena.

Sasa bahari. Mwezi wa 11 mmechagua vizuri, sijui kama mlijua au ni korosho tu. Upepo wa kusi umekwisha, wa kaskazi haujashika, kipindi hicho cha katikati ndiyo tangambili yenyewe. Upepo mwepesi. Mwezi wa 7 mtu akiniambia anapeleka watoto Songo Mnara, kile kisiwa kingine cha magofu huko Kilwa, kwa mashua ndogo ningemnyang'anya kasia.

Lakini upepo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji, na hapa ndipo vijana wa mjini mnapoumbuka. Mwezi ukiandama na mwezi ukijaa ni bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Pwani yetu siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yanakupwa kama saa nne asubuhi. Mkinywa chai taratibu mkatoka saa tatu, mnafika Songo Mnara bahari imekwenda zake, mnatembea kwenye tope la mikoko mabegi kichwani, na chombo kimelala ubavu kinasubiri jioni. Mkienda mwezi wa siku nane au tisa tangu uandame ni maji mafu: maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na yanajaa huko huko asubuhi saa nne. Mnashuka, mnazunguka, mnarudi, hakuna aliyelowa kiuno. Kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo akikupa saa mtu aliyekwenda juma lililopita, usiichukue.

Mwana wa Chikongola

Mzee shikamoo. Mimi nilikuwa naangalia tarehe ya mshahara wa dada yangu tu, mwezi wa angani sikuuwaza kabisa.

Mtu wa Kivinje

Marahaba kwa niaba ya mzee, najua amelala.

Kilwa ni kwetu. Mkikata tiketi Mtwara semeni mapema mnashuka Nangurukuru, kuna magari yatawatoza nauli ya Dar mkinyamaza. Pale Nangurukuru mnapata gari dogo la Masoko, kama kilomita 30. Gesti za kawaida Masoko zipo, za feni na ndoo, laleni hapo. Msing'ang'anie hema kisiwani siku ya kwanza.

Kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenyewe chenye magofu, lazima kibali. Mnakipata Masoko ofisini, mnalipa bei ya raia, na kila mtu awe na kitambulisho mkononi. Hakuna "kimebaki nyumbani". Kuvuka ni muda mfupi tu, Kisiwani unakiona kutoka gatini. Watu wanaoishi kule wanavuka kila siku na mashua yao, kwa hiyo mkisubiri watu wa sokoni wanaporudi mnalipa kama wao. Mkikodi peke yenu, patana bei kwa chombo kizima, si kwa kichwa, na semeni kabisa: kwenda, kusubiri, kurudi. Neno "kusubiri" ndilo lililotutoa jasho mimi na wageni wangu mara moja.

Na msiende mkaishia kupiga picha Gerezani, ile ngome ya zamani, halafu mkasema mmeona. Tembeeni mpaka Husuni Kubwa. Lile jumba lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lina birika la pembe nane, na liko juu ya mwamba, bahari chini. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 na kuusifu mji. Hela za shaba zilizopigwa hapa ziliokotwa Australia ya kaskazini mwaka 1944, hata leo wasomi wanabishana zilifikaje. Sisi tukiwa watoto tuliambiwa magofu yana mashetani, hatukusogea. Nimeingia Msikiti Mkuu mara ya kwanza nina miaka 31, aibu.

Siku ya kurudi piteni Kivinje, ni bure. Majumba ya zamani yamejaa mizizi, na muulizeni mtu yeyote Mwembe Kinyonga, walikonyongewa wapiganaji wa Majimaji. Halafu nunueni samaki wa kukaanga sokoni.

Mama Wawili

Kwa hao mabinti wawili: kanga mbili mbili kila mmoja. Kisiwani ni kijiji cha watu, watu wanaswali, si hoteli ya ufukweni. Kaptula fupi muogelee nazo mbali. Na kama mtalala hema popote, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mjitambulishe, mmuulize wapi. Tulifanya hivyo na mume wangu zamani, tukaletewa na uji wa asubuhi. Maji ya kunywa bebeni kutoka Masoko.

Kuhusu rafiki yako, baba, wewe ndiye unayemlea.

Korosho Ghafi

Mama kapiga msumari.

Mhasibu wa Vikoba

Ngoja niseme kama mtu anayeshika hela za wenzake kila Jumamosi. Rafiki yako hana hila, ana mazoea. Anajua mkifika katikati ya safari huwezi kumwacha njiani. Kwa hiyo usimngoje njiani. Wekeni tarehe, wiki tatu kabla. Kila mtu atume laki moja na nusu kwa mtu mmoja: hiyo ni nauli zote, gesti, kibali na chombo. Ambaye hajatuma siku hiyo, nafasi yake haikukatwa, basi, hakuna kusemana. Laki moja iliyobaki kila mtu anaitunza mwenyewe ya kula. Mtunza hela asiwe wewe. Awe yule binti wa saluni, watu wa saluni hawakopeshi.

Na la Msimbati mwambie mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida, kabla ya hiyo tarehe. Usiandike kwenye kundi.

Kitu kingine: kabla ya yote vukeni Msangamkuu na kivuko Jumamosi moja, mlale na hizo hema za kuazima. Najua Msangamkuu si kisiwa. Lakini mtajua hema ipi ina tundu na nani anakoroma.

Mwana wa Chikongola

Nimerudi, siku tisa baadaye. Kundi limekubali Kilwa, kura nne kwa mbili, wa papa potwe amenuna kidogo. Tulilala Msangamkuu. Hema moja haina vigingi, na anayekoroma ni mimi.

Nilikaa na yule jamaa kibarazani kwake. Alinyamaza muda mrefu, akasema hakujua nilikuwa nahesabu. Jana katuma elfu themanini, anasema iliyobaki Ijumaa. Mtunza hela ni binti wa saluni kweli.

Nahodha Mstaafu

Na siku ya kuvuka Songo Mnara mwezi utakuwa wa siku ngapi?

Mwana wa Chikongola

Wa saba mzee. Tumesogeza safari kwa siku nne kwa ajili yako.

Nahodha Mstaafu

Sogezeni moja zaidi.