Maiki ya saksafoni jukwaani: SM57, SM58 au ile ya kubana kwenye faneli?

Alto_wa_Ipagala

Mbukwenyi wakuu.

Napuliza alto kanisani kila Jumapili, na Jumamosi nikipata mwaliko napiga harusini. Kumbi ni za hapahapa Dodoma mjini, ila kuna siku tunafika hadi Kongwa au Manyoni. Miaka yote natumia maiki nitakayoikuta ukumbini, mara nyingi SM58 (au kopi yake) ambayo MC ametoka kuishika. Naichomeka kwenye stendi, naielekeza ndani kabisa ya faneli, yaani ule mdomo mpana wa saksafoni, napuliza. Noti za chini zinanguruma kama ng'ombe wa mnadani, za katikati zinapotea, na nikisogea hatua moja kucheza na bwana harusi nasikika kama nimehamia Chamwino.

Mwezi uliopita nimeaibika. Wakati wa kukata keki niliinama kidogo kuwanogesha maharusi, maiki ikapiga mluzi mrefu mpaka bibi harusi akaziba masikio na glavu zake. Video ipo, watu bado wananitumia.

Nimejichanga, nina Sh600,000. Nafikiria SM57 na stendi yake fupi, au zile za kubana kwenye faneli zisizo na waya za bei ya chini ambazo siku hizi kila mpulizaji anazo, au nivumilie niongeze hela hadi nifikie ya kubana ya maana kama Shure Beta 98H/C. Naombeni uzoefu, maelezo ya kwenye boksi nimeshasoma.

FundiWaMikisa

Mkuu, usitoe hela kwanza. Ugonjwa umeshautaja mwenyewe: "ndani kabisa ya faneli."

Watu wengi wanaichukulia saksafoni kama tarumbeta, kwamba sauti yote inatokea mbele. Sivyo. Ukifunga matundu yote ukapiga ile noti ya Bb ya chini kabisa, hapo ndiyo sauti inatoka kwenye faneli. Ukianza kufungua matundu, sauti nyingi inatokea palepale kwenye tundu la kwanza lililo wazi na yanayofuata chini yake. Kwenye faneli unabaki ule ukali wa juu. Sasa maiki yako umeizamisha pale ambapo noti za chini zinakuja kwa fujo na za katikati hazifiki. Halafu ukija kwangu unaniambia "fundi, ongeza katikati". Naongeza nini, wakati maiki haijasikia kitu?

Na ule mluzi wa kwenye keki, nakueleza ulikotoka. Usikivu wa SM58 una umbo la moyo: inasikia mbele, inaziba masikio nyuma. Inafanya hivyo kwa kutumia vitundu vilivyo nyuma ya kichwa chake. MC akikamata kichwa chote kwa kiganja anaviziba, maiki inaanza kusikia kila upande. Ulipoinama, faneli yako ilimeza kichwa cha maiki kama kiganja cha MC. Tena faneli iko usawa wa kiuno na monita, ile spika inayokurudishia sauti yako, iko chini palepale. Lazima ipige mluzi.

Jaribu hivi: maiki iwe sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye ala, juu kidogo ya ukingo wa faneli, halafu pua yake iangalie katikati ya mwili wa saksafoni, pale mkono wa kushoto na wa kulia vinapokaribiana. Monita iwe nyuma ya mgongo wa maiki. Besi ikate chini ya hezi 100. Noti ya chini kabisa ya alto ni kama hezi 139, hupotezi kitu. Saksafoni ya tena (tenor), ile kubwa kuliko alto, inashuka hadi 104 hivi, kwa hiyo hapo nakata kwenye 80.

Dada_Tena

Fundi amesema kweli ila anaongea kama mtu anayekaa kwenye kiti nyuma ya mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti 😀. Sisi wa harusini hatusimami sehemu moja! MC anakwambia "msindikize mama mzaa chema", unatoka jukwaani, unapita katikati ya meza, unarudi. Sentimita 30 za stendi utazipimia wapi?

Mimi napuliza saksafoni ya tena, na ninayo hiyo Beta 98H/C. Niliagizia kwa ndugu aliyekuwa anarudi nchini. Inabana kwenye ukingo wa faneli, ina shingo inayopinda. Faida yake ni kwamba nikigeuka, nikiinama, nikicheza, umbali haubadiliki. Fundi akishaniweka sawa saa kumi na mbili, hanigusi mpaka saa sita usiku.

Kosa wanalofanya wengi ni kupindisha shingo ile iingie ndani ya faneli. Ukifanya hivyo umerudi kulekule kwa kaka Alto. Mimi naivuta juu iwezekanavyo, kichwa kiangalie matundu ya mkono wa kulia, kisiangalie shimo. Hata hivyo sijidanganyi, noti za chini bado zinajitokeza kuliko kwenye stendi nzuri, na vifuniko vinasikika tak tak tak kwenye nyimbo za polepole. Pia ni kondensa, inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa. Kuna ukumbi nimefika mikisa yao haina kabisa, nikapiga usiku mzima kwa maiki ya MC.

Kinanda_Area_D

Nunueni Electro-Voice RE20 muache maneno. Ipo tangu 1968, ukiisogelea besi haivimbi kama kwenye hizo zenu. Au Sennheiser MD 421, ina swichi yake ya kupunguza besi. Saksafoni inatoka nene kama ya redioni.

FundiWaMikisa

@Kinanda_Area_D sikatai, sauti ni tamu. Ila RE20 ina zaidi ya gramu 700. Hizi stendi zetu zilizokazwa kwa gundi ya karatasi, utampulizia maharusi au utashika stendi? Na kwa Sh600,000 hata nusu ya safari hajafika.

@Dada_Tena nakubali kuhusu kutembea. Ila kuna hesabu moja watu hawaipigi. Ukikaa sentimita 5 kutoka kwenye maiki ukasogea hadi 15, sauti inashuka karibu desibeli 10, hapo umepotea. Ukikaa 30 ukasogea hadi 40, inashuka desibeli 2 na nusu tu, hakuna mgeni atakayejua. Wapulizaji wanaogopa kukaa mbali wakidhani hawatasikika, kumbe ukaribu ndio unaowafanya wapande na kushuka. Bei ya huo umbali ni kwamba ngoma na spika zinaingia zaidi, na mluzi unakaribia mapema. Ukumbi wenye malumalu chini na bati juu, mimi huwa nasogeza hadi 15 hivi na kushusha monita.

MzeeWaDansi

Hamjambo vijana. Mnaongea vizuri.

Enzi zetu maiki ilikuwa moja, wapulizaji watatu: tarumbeta mbili na saksafoni. Hakuna aliyekuwa na waya wake. Mwenye zamu ya kupamba anaingia hatua moja, wenzake wanarudi hatua moja, akimaliza anatoka. Sikilizeni rekodi za zamani za Msondo au Sikinde, muone pembe zilivyokaa sawa. Fundi mitambo wa kwanza ni mpulizaji mwenyewe. Nyie mnapuliza kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kisha mnalaumu maiki.

Na hapa Dodoma mkipiga nje, funikeni maiki kwa sifongo. Upepo wetu wa kuanzia mwezi wa sita mnaujua. Hizi za kondensa zinaunguruma upepo kuliko saksafoni, na vumbi likishaingia kwenye wavu halitoki kwa kupuliza.

Alto_wa_Ipagala

Shikamoo mzee. Ya sifongo sikuwahi kuiwaza kabisa, na tarehe 20 tuna shughuli ya bustanini.

Kuhusu zile za kubana za bei ya chini zisizo na waya, hakuna aliyenijibu.

Dada_Tena

Nilianza nayo kaka, nikaigawa. Nyingi zinatumia gigahezi 2.4, njia ileile ya WiFi na bluetooth. Mchana kwenye majaribio inaimba vizuri, ukumbi mtupu. Usiku wakija watu 400 na simu zao, na vijana wa video na vifaa vyao, inaanza kukatika. Yangu ilikatika katikati ya wimbo wa kuingia. Pia kile kipaza chake kidogo kilikuwa kinalewa nikipuliza kwa nguvu, sauti inakwaruza hata fundi akishusha. Saksafoni kwa karibu inavuka desibeli 100 bila jasho, siyo kila kikapsuli, kile kidude cha ndani kinachonasa sauti, kinahimili.

Sisemi zote ni mbovu. Nasema usiinunue bila kuijaribu ukumbi ukiwa umejaa.

Soprano_Kikuyu

Samahani naingilia. Mimi ni soprano ile iliyonyooka. Nabana wapi?

FundiWaMikisa

Usibane kwenye faneli peke yake, utapata noti mbili tatu za chini basi. Stendi, maiki iangalie katikati ya bomba kutoka pembeni, chini ya mkono wa kushoto. Soprano ndiyo inayoonyesha wazi kuliko zote kwamba sauti inatoka matunduni.

@Alto, SM57 na SM58 kikapsuli chake ni ndugu, moja ya 1965 nyingine ya 1966. Tofauti kubwa ni kile kichwa cha mviringo cha 58, na 57 inang'aa kidogo zaidi juu. Kwa hiyo kama 58 ya kanisani kwenu ni halisi, fanya majaribio kwa hiyo kwanza, ni bure. Ukiamua 57, huko Marekani ni kama dola 100, kwa hiyo anayekuuzia mpya kwa Sh60,000 unajua anakuuzia nini. Beba na mizani ya jikoni: halisi ina gramu 284. Feki nyingi ni nyepesi, japo wapo walioshajifunza kuweka kipande cha chuma ndani.

Alto_wa_Ipagala

Wakuu, mrejesho.

Alhamisi nimekwenda kanisani mapema kabla ya mazoezi ya kwaya. SM58 ileile, mikisa ileile. Kijana wetu wa mitambo nikamwambia akae katikati ya mabenchi asikilize huku mimi nahamisha stendi. Ndani ya faneli: "Kaka, unapiga honi." Sentimita 30 kuangalia mikono: akanyamaza, kisha akauliza kama nimebadilisha maiki. Noti za katikati, G na A, zimetoka ambazo sijawahi kuzisikia kwenye spika zetu tangu nianze kupuliza pale. Tumekata besi, tumesogeza monita kutoka ubavuni hadi nyuma ya maiki. Nikainama makusudi mara tano. Kimya.

Jumamosi nikaipeleka harusini. Muda wa kusimama nimefurahi. Ila mama mzaa chema alipotoka kucheza, MC akaniita kwa jina, ikabidi nitoke jukwaani nipulize bila maiki. Meza za mbele walishangilia, za nyuma sidhani kama walijua napuliza.

Kwa hiyo kanisani nimemaliza, hainunuliwi kitu. Hizo Sh600,000 nazifungia kabatini, naongezea hadi ya kubana ya maana. Dada Tena, ile yako unabana na kibano kilichokuja nayo au ulibadilisha? Ukingo wa faneli yangu umepinda kidogo, aliudondosha mdogo wangu.

Dada_Tena

Kilekile cha kwake, kina mpira ndani. Siku ukipita Nkuhungu njoo na alto yako tukipime hapohapo, usinunue kwa kukisia. Na mdogo wako mwambie faneli siyo ndoo.