Mtoto anasema "Kitendawili!", mtu mzima anajibu "Funga mdomo"

Wanajukwaa, nimeingia Kisumu jioni hii, hasira bado inachemka, na nikilala kabla ya kuandika haya nitaamka nimepasuka. Sitamtaja mtu. Hakuna haja ya kumtaja, kwa sababu nyote mnamjua: ni yule wa kiti cha mbele, yule yule aliyesusa chakula cha harusi kule Bungoma kwa kuwa hakupewa paja la kuku, yule ambaye akipewa lifti anageuka mwenye gari kabla mlango haujafungwa.

Tulitoka Nakuru asubuhi. Kutoka hapo hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni kilomita 180 hivi, na mwenye watoto anajua kwamba swali la "Tumefika?" huanza kabla ya Salgaa. Mimi na mama yao hatuwapi simu njiani, tunawapa kazi. Hadi Mau Summit wao husoma nambari za magari: pikipiki huanza na KM, trekta huanza na KT, gari la serikali ni GK, trela lina nambari yake inayoanza na Z, na lori la Uganda lenye herufi U ndilo linalompa aliyeliona alama nyingi kuliko yote. Ule msururu wa malori ya kwenda Malaba unaonizeesha mimi kwenye usukani, kwao ni sikukuu.

Tukishaiacha barabara ya Malaba, tunaingia kwenye vitendawili. Kanuni ni ile ya wazee wetu, kwamba jibu likishindikana anayetega hupewa mji, ila sisi tumeongeza sharti kwamba mji huo lazima uwe kwenye njia tunayoipita. Ndiyo maana watoto wangu wanaijua Londiani, Kedowa, Kapsoit, Awasi na Ahero kwa mpangilio bila kufunguliwa ramani, kwa kuwa kila mmoja anaipigia hesabu Ahero aitawale.

Basi kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, ambaye wiki nzima alikuwa akijizoeza kitendawili chake cha kwanza mbele ya kioo, alivuta pumzi tulipokaribia Kedowa, akasema kwa sauti inayotetemeka, "Kitendawili!" Gari zima lilinyamaza kumpa nafasi. Na yule mtu, mtu mwenye mvi, mtu mwenye wajukuu, akajibu, "Funga mdomo."

Hakusema "Tega." Alisema "Funga mdomo."

Nawaambia hata ng'ombe waliokuwa wakila nyasi kando ya barabara waliinua vichwa. Kisha akatoa simu yake, akamrushia mtoto, akasema, "Shika hii utulie." Katuni zikaanza, na kona za Kericho nazo zikaanza. Hatujafika Kapsoit, mtoto akawa amelitapikia koti la mtu yule yule, koti alilolitundika nyuma ya kiti kana kwamba yuko afisini, naye akageuka kuniuliza kwa nini watoto wangu hawana adabu. Adabu! Mtoto amesema "Kitendawili", akajibiwa "Funga mdomo", na mkosefu wa adabu ni mtoto! Naomba mniambie ni kabila gani, ni kijiji gani, ni ukoo gani katika dunia hii ambamo mtoto akisema "Kitendawili" hujibiwa hivyo.

Nyamasaria Kwetu: Pole sana, ndugu yangu. Huyo nimemtambua kwenye sentensi ya pili. Tulimpa lifti kwenda Kakamega, watoto wakaanza kuimba, naye akapandisha redio hadi vioo vikatetemeka. Watoto wangu walisikiliza matangazo ya vifo kutoka Kiboswa hadi Chavakali. Mdogo wao alifika kwa nyanya yake akiuliza marehemu atazikwa lini.

Baba Watatu: Kwetu alihesabu pumzi za watoto. Nasema kweli, alilalamika kwamba wanapumua kwa nguvu.

Mzee wa Milimani: Mleta mada, gari ni lako, usukani ni wako, breki ni zako. Mtu anamfunga mtoto wako mdomo Kedowa, nawe unamfikisha Kisumu salama, unamshushia mizigo, pengine ulimnunulia na soda, kisha unakuja kutulilia sisi? Mimi ningemwacha pale pale na koti lake, achume majani chai hadi apate nauli.

Mleta mada: Mzee, kwa heshima zote, huyo ni kaka mkubwa wa mama watoto. Shemeji hashushwi njiani. Lakini hilo silo lililonileta hapa. Nilicholeta ni kwamba mtoto alisema "Kitendawili" na mtu mzima akasema "Funga mdomo."

Muuguzi wa Zamu: Huko kutapika kulikuwa lazima. Macho yakikazia skrini yanauambia ubongo kwamba mwili umetulia, ilhali sikio la ndani linahisi kila kona na kila breki, na taarifa hizo mbili zikigongana ndipo kichefuchefu kinapokuja. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuka zaidi. Simu huwanyamazisha kwa muda mfupi, kisha unaosha gari kwa muda mrefu. Mchezo wa nambari za magari ni mzuri kwa sababu unamfanya mtoto atazame nje, mbali, mahali ambapo macho na sikio vinakubaliana. Fungua kioo kidogo apate hewa, na asisafiri ameshiba kupita kiasi.

Mama Pacha: Asante, Muuguzi. Ila mleta mada ana bahati, kwa maana mtu wake alikuwa abiria. Wa kwangu ndiye dereva, naye hasimami. Mtoto akisema Awasi kwamba ana haja ndogo, anaambiwa avumilie, Ahero ni hapo mbele. Ahero inafika, Ahero inapita, na pamoja nayo yanapita mashamba ya mpunga yenye ndege weupe ambao tangu Kericho nilikuwa nimewaahidi kwamba tutasimama tuwahesabu. Anadai anawahi. Anawahi nini, nyama choma?

Khayega Juu: Mama Pacha, usinikumbushe. Watoto wangu wamelisikia Jiwe la Ilesi tangu wakiwa tumboni, lile jiwe linalolia, lenye maji yanayotiririka usoni kama machozi, na hilo jiwe liko kando ya barabara ya Kisumu na Kakamega. Kila safari baba yao anasema tutaliona wakati wa kurudi. Wakati wa kurudi kumeshaingia giza. Binti yangu sasa anaamini kwamba jiwe linalia kwa sababu yetu.

Baba Watatu: Na ule mnara wa Ikweta pale Maseno? Watoto waliniomba wasimame mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, jambo la dakika mbili. Mwenye gari akasema Ikweta haiendi popote. Huyo naye mnamjua.

Mwalimu Mstaafu: Mimi naomba kuuliza lililo muhimu. Kitendawili chenyewe kilikuwa kipi?

Mleta mada: Hatujakijua hadi sasa, Mwalimu. Amekataa kukitega. Amesema atakitega siku ambayo huyo mtu hayupo, nasi tumekubali.

Mwalimu Mstaafu: Kwa umri huo ni "Nyumba yangu haina mlango." Nimefundisha miaka mingi, wote huanzia kwenye yai.

Nyamasaria Kwetu: Wa kwangu alianza na "Kuku wangu katagia miibani." Tukashindwa makusudi, tukampa Kisumu yote. Ametutawala wiki nzima.

Mzee wa Milimani: Mkishataja yai mmenigusa penyewe. Nani huyu anayechemsha mayai, akayafunga kwenye mfuko wa plastiki, kisha akayamenya ndani ya gari lililofungwa vioo? Watoto wanatulia, sikatai, lakini wanatulia kwa kuzimia.

Mama Pacha: Mayai nimechemsha mimi, Mzee, na nitaendelea. Mtoto akipewa yai alimenye mwenyewe, unapata kimya hadi ganda la mwisho. Wewe unataka nimpe nini?

Khayega Juu: Mpe hindi la kuchoma. Mwambie ale punje mojamoja, mstari kwa mstari, na asiruke hata moja. Mstari wa kwanza unatoka Mbale ya Vihiga, wa mwisho unamalizika Kisumu.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye mada. Mtu mzima alimwambia mtoto "Funga mdomo" mahali pa kusema "Tega."

Baba Watatu: Tumekusikia, ndugu, na tumemlaani. Khayega, hindi haliwezi. Hindi linaacha punje chini ya kiti, na ikifika wiki ya pili gari linanuka pombe.

Mama Pacha: Na mchuzi wa pilipili na ndimu unaopakwa na muuzaji je? Mtoto anajifuta macho kwa mkono ule ule. Wa kwangu alilia kutoka Majengo hadi Kondele, nami nikaambiwa nimnyamazishe.

Khayega Juu: Mwambie muuzaji asipake pilipili. Ni neno moja tu.

Mzee wa Milimani: Mimi nimesema mayai yapigwe marufuku, na hakuna aliyenijibu.