Naomba ushauri: bibi niliyemhudumia miaka mitatu amefariki, nami sikuhisi chochote

Mleta mada
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mhudumu katika makao ya wazee, na mwaka huu natimiza miaka sita kazini. Wiki mbili zilizopita alifariki bibi mmoja niliyekuwa nikimwogesha, nikimlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka mitatu. Niliusafisha mwili wake, nikatandika kitanda, na kabla ya zamu kwisha alikuwa ameshalazwa mzee mwingine pale pale. Sikulia, na kinachonitisha ni kwamba hata sikuhisi uchungu. Siku hizi nawajibu kwa mkato wazee wanaorudia swali lilelile, ilhali najua fika kwamba ni maradhi ya kusahau. Mgongo nao unauma. Nilipomweleza msimamizi, alinipeleka kwenye mafunzo ya nusu siku ya namna ya kuinama na kunyanyua. Je, niache kazi kabla sijamdhuru mtu, au kuna msaada ninaoweza kuudai?

Muuguzi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Kufa ganzi si ushahidi wa roho mbaya. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, linaueleza uchovu wa kazi wa namna hii kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo hata kuidharau, na kupungukiwa ufanisi. Halikuuita ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo cha kuchunguzwa kwanza ni ratiba ya zamu. Hata hivyo mwone daktari, kwa sababu sonona huweza kujificha nyuma ya uchovu. Kuhusu msiba, ndugu wa marehemu hupewa pole, mhudumu hupewa shuka safi akatandike. Wodini kwetu tulikuwa tukikaa dakika kumi, kila mmoja akataja jambo moja analomkumbukia marehemu, na hatukuhitaji kibali cha mtu.

Mgongo Chuma
Nitazungumzia mgongo tu. Mafunzo ya kuinama peke yake hayazuii maumivu, na tafiti zimeonyesha hivyo. Mtu si gunia: hushtuka, hukukaba shingo, huishiwa nguvu za miguu katikati ya njia. Mwaka 2007 mtaalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza kwamba mhudumu asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa, na mguu mmoja wa mtu mnene unaweza kufika hapo. Dai mashine ya kunyanyulia, shuka za kutelezeshea na mtu wa pili, kisha mafunzo ya kuvitumia kando ya kitanda chenyewe.

Nimeshaacha
Natofautiana nanyi kidogo. Mimi niliyadai hayo yote kwa maandishi mara mbili, tukaishia kuletewa semina ya kuvuta pumzi. Dada, jiwekee muda, tuseme miezi mitatu, na kama hakuna kilichobadilika, ondoka bila kujilaumu.

Msimamizi wa Zamu
Nasema kutoka upande wa pili wa meza. Neno "nimechoka" siwezi kulifikisha kwa mkurugenzi likamshtua. Daftari linaloonyesha kwamba kwa wiki moja umemgeuza peke yako mara tisa mzee anayehitaji watu wawili, hilo nitalifikisha, kwa sababu akianguka ni makao yatakayojibu. Omba pia mbadilishane wale wanaorudia maswali usiku kucha. Mara nyingi anayerudia swali hatafuti jibu, anatafuta kutulizwa. Nilichelewa mno kulijua hilo, na lilinipunguzia hasira.

Mleta mada
Nawashukuru nyote. Daktari nitamwona Alhamisi, na daftari nimelianza usiku huu: saa nane, chumba cha nne, peke yangu. Mgongo Chuma, shuka hizo zinamfaa mzee mwenye vidonda vya kulalia?

Mgongo Chuma
Zinamfaa kuliko kumburuta, maana msuguano ndio unaochuna ngozi. Ila mwulize kwanza muuguzi anayemtibu vidonda, na mkimaliza mziondoe, asije akateleza.