Ushirika wa nyumba wananidai masaa ya kujitolea na mimi nafanya kazi usiku, nifanyeje?

MamaWawili
Habari zenu humu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri hasa kwa mnaokaa Canada. Mwaka jana tulipata nyumba kwenye ushirika hapa Toronto, foleni yake acha tu, vyumba vitatu na bei ukilinganisha na za watu binafsi kwakweli sina malalamiko. Shida ni haya mambo ya kujitolea, kila kaya masaa manne kwa mwezi, mara kufagia korido, mara kutoa theluji mlangoni, bustani, kamati sijui ya nini. Mimi natunza wazee usiku, narudi asubuhi watoto wanataka kwenda shule, hiyo Jumamosi yao ya usafi mimi niko fofofo. Juzi nakuta barua ya bodi eti masaa hayajatimia niende kwenye kikao. Wanaweza kututoa kweli? Na kama ni kujitolea mbona lazima??

Mzee_Kipara
Kwahiyo unalipa kodi na fagio unashika? Mimi niko nyumba ya NHC, shirika la nyumba la taifa, hapa Dar, nikishalipa sijuani na mtu 😂

KijanaWaMvita
Mzee hiyo ni kitu tofauti, huko hakuna landlodi. Wanachama wenyewe ndio wanaendesha, kila mtu kura moja, wanachagua bodi kati yao na bodi hailipwi hata senti. Dadangu hiyo bei unayoifurahia inatoka hapo, hakuna mtu anayekula faida na kazi ndogondogo mnafanya wenyewe badala ya kuajiri kampuni. Mkiacha wote, kwa mkutano wa bajeti mtaletewa malipo mapya na mtayapitisha kwa mikono yenu.

BintiUnguja
Mdogo wangu mimi nimekaa bodi ya ushirika hukuhuku Ontario. Barua usiipuuze, nenda. Bodi haiwezi kukutoa tu wakijisikia, lazima wakupe notisi, wakusikilize, na wakiamua bado waende kwenye sheria. Tangu 2014 kesi nyingi kama za malimbikizo ya malipo ya nyumba zinakwenda Landlord and Tenant Board, yaani baraza la migogoro ya nyumba, hizi za kutoshiriki bado ni mahakamani, na ni ghali, bodi yenye akili haitaki kufika huko kwa sababu ya masaa manne. Ukienda usiende kulia, nenda na pendekezo. Kazi hazikai kwenye fagio tu, kuna kuandika muhtasari wa vikao, kupigia simu wanachama kabla ya mkutano mkuu ili akidi itimie (hii hakuna anaeitaka na ndio muhimu kuliko zote), kuwatembeza wageni wanaohamia, kukagua hesabu. Mie muhtasari nilikuwa nachapa nyumbani saa nane mchana. Wakikubali waandike, usikubali maneno ya kwenye lifti. Na kama kuna mgonjwa sema mapema, ushirika unatakiwa na sheria za haki za binadamu kumtafutia mtu nafuu, kuna kesi ya 2006 ya mwanachama mwenye ulemavu ushirika ulishindwa kwa hilohilo.

Chalii_Scarborough
Yote sawa ila tusidanganyane, kwenye hizi koop wanaofanya kazi ni walewale kumi, wengine wanaonekana siku ya pilau tu. Halafu kuna wababe, kwetu kuna mzee kamati ya maegesho kaishikilia utadhani karithi. Cha kwanza omba kanuni za ushirika usome mwenyewe, masaa yameandikwa wapi, adhabu ipo au ni mtu kajitungia. Na mikutano nenda hata nusu saa, kanuni zinabadilishwa kwa kura, usipokuwepo watakupangia.

MamaWawili
Asanteni sana jamani, dada wa Unguja Mungu akuzidishie. Nimeshamwandikia mratibu naomba kazi ya simu za mkutano, mchana nikiamka naweza. Kanuni nazo nimezitoa kwenye droo nimezisoma, adhabu kweli ipo ila inaanza na onyo. Na kumbe masaa ni ya kaya, mtu mzima yeyote wa humu ndani anaweza kuyafanya!! Baba watoto yuko hapa sebuleni anaangalia mpira.

KijanaWaMvita
Jumamosi korido itang'aa 😂😂